Makumbusho ya mpakani: msigawe kuta kwa makabila

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Himo, wilaya ya Moshi. Kikundi chetu cha utamaduni kimepewa chumba kimoja katika jengo la zamani kando ya barabara ya kwenda Holili, tukifanye makumbusho madogo ya watu wa mpakani. Kamati imeamua kugawa kuta nne: ukuta wa Wachagga, wa Wapare, wa Wamaasai, na wa nne wa "wengineo", yaani Wataveta, Wakamba na watu waliohamia. Vitu vimeanza kuletwa, na ugomvi nao umeanza. Watu wanabishana kitu fulani ni cha nani, na mlangoni kiwekwe nini, sanamu ya morani au picha ya Mlima Kilimanjaro. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kimaasai ametuletea bangili ya marehemu babu yake, anataka shilingi 80,000. Wenzangu wanataka tuinunue haraka kabla hajaipeleka kwa wauza vinyago wa Arusha. Wewe uliyefanya kazi hii miaka mingi, unatushauri nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Hongereni kwa chumba. Makumbusho mengi ya vijiji yameanza na kabati moja ofisini kwa mtendaji, kwa hiyo ninyi mmeanza mbali.

Bangili nitaifikia mwishoni, lakini kuanzia sasa naomba jambo moja: msiinunue. Kaeni kimya kuhusu habari zake, msiipige picha ya kurusha kwenye makundi ya simu, na kijana msimfokee.

Sasa turudi kwenye kuta. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye ule ukuta wa nne. Himo ni mji uliokua kwa sababu ya njia panda na soko. Mtu wa Taveta anavuka kuja kununua mahindi na maharage, Mpare anashusha tangawizi, mama wa Kirua anashuka na ndizi, Mmaasai anakuja na mbuzi. Ukimtoa "mwengineo" Himo, mji wenyewe haupo. Ninyi mna bahati ya kuwa na somo ambalo makumbusho makubwa hulitafuta kwa tabu, yaani namna watu tofauti walivyoishi kwa kutegemeana, na mnataka kulikata vipande vinne na kuvitundika mbali mbali. Ugomvi wa kitu fulani ni cha nani unatokana na mgawanyo huo. Mkiondoa kuta za makabila, nusu ya ugomvi itakwisha wenyewe.

Nieleze nilivyojifunza hili, maana nilijifunza kwa kukosea. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii nilishiriki kuandaa onyesho dogo la vifaa vya wafugaji hapa Arusha. Tulikuwa na kibuyu cha maziwa kizuri sana, chembamba, shingo ndefu, kimevalishwa mkanda wa ngozi wenye shanga nyeupe, nyekundu na buluu. Nikaandika lebo: "Kibuyu cha maziwa. Wamaasai." Nikaridhika.

Siku ya tatu akaja bibi mmoja wa upande wa Longido na wajukuu zake. Wajukuu walikuwa wanamwita koko, nasi tukamwita hivyo hivyo. Akaomba akishike. Nikakitoa kabatini. Hakuangalia shanga kwanza. Alikifungua, akakipeleka puani, akanusa, kisha akaniangalia kwa huzuni kama mtu aliyeonyeshwa mtoto aliyenyolewa vibaya. "Mmekiosha," akasema. Kweli, mwenzangu alikuwa amekiosha kwa maji ya sabuni kwa nia njema kabisa. Koko akatueleza kwamba kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijinga cha oloirien, yaani mzeituni wa mwituni. Kijinga chenye moto huzungushwa ndani hadi kibuyu kijae moshi, na moshi huo ndio unaolinda maziwa na kuyapa ladha. Sisi tulikuwa tumeiosha kazi ya miaka arobaini ya mwanamke mmoja.

Halafu akapitisha kidole kwenye ufa uliokuwa umeshonwa kwa uzi wa kano. Mimi niliuona ufa ule kama kasoro, hata nikakigeuza kibuyu ili usionekane. Yeye akahesabu mishono, akasema aliyeshona alikuwa na subira. Ndipo nikamuuliza kibuyu chenyewe kinalimwa wapi. Akacheka. Mmung'unye, akasema, hauoti kwenye boma la ng'ombe. Mama yake alikuwa akivipata vibuyu kwa wanawake wa Kiarusha, wakulima wa mteremko wa Meru, kwa kubadilishana na ngozi ya mbuzi. Shanga alinunua kwa Mhindi mwenye duka.

Hesabu mwenyewe, Mwalimu. Kibuyu ni cha mkulima. Ngozi, kano na moshi ni vya mfugaji. Duka ni la mtu aliyevuka Bahari ya Hindi. Shanga zenyewe, zile ndogo za kioo, kwa miongo mingi zilitengenezwa Ulaya, Venice na Bohemia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, zikaja Pwani kwa meli na kupanda bara kwa misafara. Lebo yangu ya maneno manne ilikuwa imewafuta watu wote hao ikambakiza mmoja. Siku ile ile niliitoa.

Tangu hapo kila kitu ninachopewa nakiuliza njia yake kabla ya kukiuliza kabila lake. Nani alikitoa ardhini au mwituni, nani alikitengeneza, kilibadilishwa na nini, nani alikitumia, nani alikirekebisha kilipovunjika. Jaribuni na mkuki. Mkuki wa morani mtauletewa tu, nina hakika. Lakini wahunzi wa Uchaggani ndio waliofua mikuki mingi iliyobebwa na Wamaasai, na chuma chao kwa sehemu kubwa kilitoka Upareni, hasa Ugweno, ambako watu waliyeyusha mchanga wa chuma kwenye tanuri za mkaa na mivuba ya ngozi. Mkuki mmoja una milima miwili na nyika moja ndani yake. Mkiuweka kwenye ukuta wa Wamaasai, Mpare atapita mbele yake asijue kwamba babu yake yumo.

Au chukueni bonge la magadi, kitu ambacho hakuna mtu atakuletea kwa sababu kila mtu anaona ni kitu cha jikoni tu. Magadi yalibebwa kwa punda kutoka upande wa Ziwa Natron hadi masoko ya mlimani. Mchagga aliyatia kwenye maharage yaive laini, na Mmaasai aliyatia kwenye tumbaku. Liwekeni juu ya sahani ya bati, lisifungiwe kioo, mtoto aliguse na kulamba kidole chake. Gharama yake sokoni ni ndogo kuliko ya fremu ya picha.

Kwa hiyo ningepanga chumba kwa mambo ambayo watu wa huku wamefanyiana. Soko ndiyo iwe meza kubwa kuliko zote, katikati, kwa sababu Himo ni soko. Maji yapate upande wake: mfongo wa Kichagga unaoteremsha maji kutoka msituni hadi kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, kwa zamu, na mto Lumi unaotoka mlimani, ukapita upande wa Taveta, ukaingia Ziwa Jipe, ziwa ambalo mpaka unapita ndani yake kama unavyopita ndani ya Ziwa Chala. Samaki wa Jipe hana pasipoti, lakini mvuvi anatakiwa awe nayo. Ndoa zipewe kona, na hapo waombeni akina mama wa Himo picha za harusi tu. Mtaona wenyewe ni nyumba ngapi zina shemeji Taveta na mama mkwe Same.

Sehemu ya nne ni mpaka wenyewe, na hapa naomba mjipe nafasi, maana ndiyo sababu ya chumba kuitwa jina hilo.

Nendeni mkanunue rangi nyeupe, muuchore mpaka sakafuni. Uanzie kwenye kona moja ya chumba, iwe Bahari ya Hindi karibu na mdomo wa mto Umba. Uende sawa hadi Ziwa Jipe, kisha upinde. Uuache mji wa Taveta upande wa kule, uuzunguke mlima kwa kaskazini ili Kilimanjaro yote ibaki upande wa huku, kisha unyooke tena kwenda Ziwa Viktoria. Mgeni atasimama mguu mmoja Kenya na mguu mmoja Tanzania, na bila kuambiwa atauliza kwa nini mstari ulionyooka umepinda hapa kwetu.

Mtakuwa mmesikia jibu la mitaani, kwamba malkia wa Uingereza alimzawadia mlima mjukuu wake wa Ujerumani siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo ni tamu na waongoza watalii wanaipenda, lakini si kweli, na makumbusho yasiibebe. Mstari ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, walipogawana maeneo ya ushawishi kwenye ramani. Kila upande ulikuwa na mikataba yake na watawala wa Kilimanjaro na Taveta ya kujivunia, na Sultani wa Zanzibar naye alikuwa na madai yake. Wajerumani wakabaki na mlima, Waingereza wakabaki na Taveta. Nasisitiza hili kwa sababu hadithi ya zawadi inawafanya watu wa hapa waonekane hawakuwepo, kana kwamba mlima ulikuwa kikapu cha matunda. Walikuwepo. Mamangi, yaani watawala wa Kichagga, walikuwa wakifanya siasa zao, wakipeleka wajumbe, wakitia alama zao kwenye makaratasi yaliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma.

Kisha muulizeni kila mzee wa Himo mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini swali moja: ulikuwa wapi mpaka ulipofungwa? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Miaka sita. Mtu aliyeolewa Taveta hakuja kumzika baba yake Himo. Mwingine alikuja, kwa njia ya panya, usiku. Ile ndiyo miaka ya uhaba, ambapo sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kupikia vilikuwa vikipita vichakani. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, watu walitupa mali mitoni na kuzifukia migombani. Mzee mmoja atakuja na kopo tupu la mafuta ambalo mkewe alilifanya chombo cha kupimia mchele. Lipokeeni kwa mikono miwili. Litasema habari za mpaka kuliko ramani yoyote. Majina ya waliovusha bidhaa msiyaandike, hata wenyewe wakisema hawajali. Wana wajukuu shuleni kwako.

Mwende hadi leo. Watu wenu wanatembea na simu ya laini mbili, moja ya huku na moja ya kule. Wekeni simu ya namna hiyo, mbovu, kwenye kabati moja na kopo la mafuta. Wekeni na katambuga, viatu vile vya tairi. Kuna watu kwenye kamati yako watasema katambuga si utamaduni. Waulize Mmaasai wanayemfahamu huvaa nini akienda mnadani. Shuka jekundu la mirabamiraba wanalolitaka kwa ajili ya sanamu ya morani ni nguo ya kiwandani. Kabla yake watu walivaa ngozi, na baada ya ngozi ikaja merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Kama shuka ni utamaduni, na ni utamaduni kweli, basi na tairi lililopata fundi ni utamaduni.

Kuna jambo la hivi karibuni ambalo wanafunzi wako wa kidato cha nne wanaweza kulijadili siku nzima. Mwaka 2018 UNESCO iliandika Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, hatua tatu za makuzi ya wanaume wa Kimaasai, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nchi iliyowasilisha ni Kenya peke yake. Rika linalopita kwenye hatua hizo lina vijana Kajiado, Kenya, na lina vijana Longido, Tanzania. Sisemi hili kuilaumu Kenya, walifanya kazi nzuri na sisi tulikuwa na nafasi ile ile. Lakini ndivyo mstari wa 1886 unavyoendelea kufanya kazi hadi leo, hata juu ya mambo yasiyo na uzio.

Mwalimu, mpaka si wa nchi tu. Ipo pia mipaka ya majeraha kati yetu wenyewe, na nadhani ndiyo inayoiogopesha kamati yako zaidi ingawa hukuiandika. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa Meru. Jeshi la Wajerumani lililokuja kulipiza kisasi lilikuja na wapiganaji wengi wa Kichagga, na ng'ombe wa Waarusha na Wameru walichukuliwa, nyumba zikachomwa na migomba ikafyekwa. Boma la Arusha, ambamo leo mna makumbusho ya taifa ya elimu viumbe, lilijengwa kuelekea mwaka 1900 kwa nguvu za watu walioshindwa, wakilazimishwa kubeba mawe. Nimepita chini ya kuta zile mara nyingi mno, na bado nikipita huwa naangalia mawe.

Lakini tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani hao hao walimnyonga Mangi Meli pale Tsudunyi, Old Moshi, na pamoja naye viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha. Waliokuwa wamepigana miaka minne kabla waliuawa siku moja, mahali pamoja. Vielezeni vyote viwili, kwa maelezo yaliyokaa jirani. Mkieleza cha kwanza peke yake mtamuumiza Mchagga, mkieleza cha pili peke yake mtamdanganya Mwarusha.

Habari ya Meli haijaisha. Familia yake ilikaa miaka mingi ikidai kichwa chake, wakiamini kilipelekwa Ujerumani kama mafuvu mengine mengi ya watu wetu. Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayosimamia makusanyo hayo ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu ya kutoka huku, na moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwao. Nalileta hili pia kama tahadhari. Uchaggani zamani mafuvu ya wazee yalitunzwa kihambani, na inawezekana kabisa siku moja mtu akawaletea mfupa akidhani anawasaidia. Msiupokee, msiuoneshe, msiupige picha. Mpelekeni kwa wazee wa ukoo na kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Afisa huyo muoneni mapema hata kama hakuna mfupa. Vitu vya kale vina sheria yake, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuna vitu ambavyo huruhusiwi kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Kwa makumbusho ya hatua chache kutoka Holili jambo hilo si la kinadharia. Siku Taveta watakapowaomba kuazima mkuki kwa maonyesho yao, mtahitaji karatasi.

Sasa majina. Lebo ziandikwe kwa Kiswahili kwanza, maneno hamsini au pungufu, na jina la kitu kwa lugha ya mwenyewe lije juu, kwa herufi kubwa kuliko zote. Jina la aliyekileta liwepo akikubali. Msiandike "zamani" bila kusema zamani ya nani, ya bibi au ya babu wa bibi. Muwe waangalifu na majina ya watu. Mengi tunayoyatumia tulipewa na majirani, na majirani hawakuwa wapole. "Mang'ati" ni neno la Kimaa, lugha ya Wamaasai, lenye maana ya adui, na kuna vitabu vya shule vilivyowaita Wadatoga hivyo bila kujua. "Ndorobo" nalo linatokana na neno la Kimaa la mtu asiye na ng'ombe, yaani maskini, nasi tumewaita hivyo watu wanaojua kila mti na kila mzinga wa nyuki. Mtu aitwe anavyojiita. Hata "Mwarusha" linahitaji sentensi moja ya maelezo: anasema Kimaa kama mfugaji, analima migomba kama jirani yake Mmeru, na ukimlazimisha achague ukuta atatoka nje ya chumba chako.

Kuhusu kutunza vitu nitakuwa mfupi, kwa sababu kosa kubwa ni kufanya mengi. Msioshe, msipake mafuta, msing'arishe shaba kwa majivu na limau. Msipulizie dawa ya mbu juu ya ngozi wala manyoya. Kitu cha ngozi, mti au manyoya kikija na wadudu, kifungeni kwenye mfuko wa plastiki, toeni hewa, kiwekeni kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mwuza samaki wa Himo anaweza kuwaazima kona ya friza lake. Kikitoka, kiacheni ndani ya mfuko siku nzima ndipo mfungue, kisije kikatoka jasho. Dirisha linaloangalia magharibi lifungwe kwa pazia zito, maana jua la jioni litazifanya shanga ziwe kwenye ngozi iliyokauka kama chapati ya jana. Miguu ya meza isigusane na ukuta, kwa ajili ya mchwa. Kila kitu kipewe namba, na namba iandikwe kwenye daftari mbili zinazolala nyumba mbili tofauti.

Mlangoni. Sanamu ya morani hapana, tayari iko kwenye kila duka la vinyago, na morani aliyesimama peke yake bila mama, bila ng'ombe wala rafiki, hajawahi kuwepo. Picha ya mlima nayo hapana, mlima wenyewe uko nje na siku isiyo na mawingu utaishinda picha. Pandeni masale. Machipukizi matatu kila upande wa mlango, ardhini au kwenye makopo makubwa. Wewe unaijua isale, lakini mgeni wa Dodoma haijui, na mtoto wa Himo aliyezaliwa nyumba ya kupanga huenda haijui pia. Mchagga hupanda isale kwenye mpaka wa kihamba, ikishika mizizi hapo hakuna anayebishana. Na Mchagga huyo huyo akimkosea mtu kosa zito, hushika jani la isale akaenda nalo kuomba msamaha, na aliyekosewa akiliona jani hilo si rahisi kumkatalia. Mmea mmoja unaweka mpaka na unaponya palipovunjika. Muulizeni mzee anayejua namna ya kulifunga jani fundo, awafundishe wanafunzi, kila mgeni akitoka apewe fursa ya kufunga lake. Lebo ya hapo iandikwe na mzee mwenyewe kwa maneno yake. Ninyi msirekebishe ila herufi.

Nimebakiza bangili.

Mwaka 2017 Mmaasai mmoja kutoka Tanzania alitembelea makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, Uingereza, akakuta vitu vya kwao vimewekwa kwa maelezo yasiyo sahihi, na vingine havikupaswa kuwa pale kabisa. Mwaka uliofuata ujumbe wa Wamaasai wa Tanzania na Kenya ulikwenda pamoja, wakakaa na wahifadhi, wakapitia vitu kimoja kimoja. Walivitaja vitano kuwa ni vitakatifu. Mwaka 2020 walirudi pamoja na mtu wa ukoo wa laiboni, yaani viongozi wa kiroho wa Kimaasai, ambaye alitumia enkidong, kibuyu chake cha kupigia ramli, kujua jinsi vitu vile vilivyotoka mikononi mwa wenyewe. Baadaye, mwaka 2023, watu wa makumbusho hayo walisafiri hadi Tanzania na Kenya kukaa na familia zenyewe na kutafuta maridhiano. Angalia kwamba ujumbe ule ulikuwa wa nchi zote mbili. Mstari wa 1886 haukuwagawa.

Miongoni mwa vitu vile vitano kulikuwa na orkatar. Ni bangili inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana baba anapofariki, na ndani yake mna uongozi wa nyumba na baraka ya waliotangulia. Haiuzwi. Kuiuza ni kumuuza baba. Kwa hiyo wazee walipoiona Oxford hawakuuliza ni nzuri kiasi gani. Waliuliza ni nini kiliipata familia ile hadi ikaachia.

Bangili ya kijana wenu inaweza kuwa orkatar, na inaweza kuwa pambo la kawaida ambalo babu alilipenda. Wenye uwezo wa kusema ni wazee wa ukoo wake, na mimi na wewe hatumo. Mkiilipia shilingi 80,000 leo, na ikawa ndiyo, mtakuwa mmefanya hapa Himo kile ambacho Oxford imechukua miaka kukirekebisha, na hamtakuwa na kisingizio cha bahari. Mkimfukuza, ataipeleka Arusha, ataipata pesa, na itaondoka na mgeni kwenye begi.

Mkaribisheni chai. Muulizeni taratibu ana shida gani, maana kijana haanzi kuuza vitu vya babu yake kwa sababu anachoka kuviona. Inaweza kuwa ada, inaweza kuwa hospitali, inaweza kuwa bodaboda ya watu aliyoiangusha. Shida hiyo kamati iangalie kama inaweza kuisaidia kwa njia nyingine, kwa kibarua cha kupaka kuta kwa mfano, bila kuifunga na bangili. Kisha mwombe muende naye nyumbani, wewe na mzee mmoja wa kamati anayeheshimika, mkamwone laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, wa huko. Chukueni sukari na majani ya chai. Bangili aibebe yeye mwenyewe, isiwe mkononi mwako. Mkifika, semeni mmekuja kuuliza, na mkae hadi mjibiwe.

Wakisema ni pambo, wanaweza kuwaazima kwa mwaka mmoja kwa maandishi, na jina la babu litakuwa kwenye lebo. Wakisema ni orkatar, iacheni hapo hapo, msiombe hata picha. Sehemu mliyokuwa mmeitengea kabatini iacheni wazi, na chini yake mwandike kwamba kitu cha hapa kimebaki kwa wenyewe, mkitaja na siku mliyokipeleka. Nauli ya watu watatu kwenda na kurudi, pamoja na sukari na majani, haitafika hizo 80,000.